Uwanja wa Mtama, Lusingo

Bibi Costancia alitoa masharti mawili kabla ya kupanda gari. La kwanza, wakifika, yeye ndiye atakayesema. Wengine wafunge vinywa. La pili, mtu akisikia anaitwa kule ndani, asiitike mpaka amwone anayemwita, amwone kwa macho yake, na mdomo wa huyo mtu ukitembea.

"Na msinielewe vibaya," alisema, akikaza khanga kiunoni. "Mimi kanisani nakaa benchi la pili kutoka mbele. Umoja wa Akina Mama nimeuongoza miaka tisa. Haya si mambo ya waganga. Ni adabu. Wewe ukienda kwa watu hupigi hodi?"

"Napiga, bibi," Aneth akajibu.

"Basi."

Aneth angekubali hata masharti kumi. Kwa wiki tatu alikuwa akizunguka, leo Dumila, kesho Berega, keshokutwa amerudi Kilosa, akitafuta mtu hata mmoja aliyezaliwa Lusingo. Hicho kilikuwa kijiji cha Wasagara, juu kidogo ya mbuga ya Mkata. Hifadhi ya Mikumi ilipoanzishwa, miaka sitini iliyopita, watu walihama na kijiji kikabaki ndani, pamoja na makaburi yake. Waliokuwa watu wazima siku hizo wamekwisha. Watoto wao wametawanyika. Ndipo mama mmoja muuza dagaa wa Mabwerebwere alipomwambia, "Mbona jirani yangu hapa ni wa huko? Mkunga mstaafu. Mkali lakini, ujiandae."

Kazi ya Aneth ilikuwa kuchora ramani. Alikuwa mtaalamu wa mambo ya kale, ameajiriwa na mradi mmoja uliotaka masalia ya vijiji vya zamani yawekewe alama, ili wageni wanaokuja kutazama tembo waambiwe kwamba hapa pia waliishi watu. Pale Lusingo lingejengwa banda la kupumzikia, na bomba la maji lingepita chini ya ardhi kutoka kijitoni. Ramani yake ndiyo ingesema wapi pachimbwe na wapi pasiguswe.

Waliondoka Kilosa alfajiri. Mikumi walimchukua Zabron, askari wa hifadhi, mtu wa makamo mwenye maneno machache na bunduki begani. Njia ya gari ilipokwisha, walitembea karibu saa nzima kwenye nyasi zilizofika kiunoni, mbung'o wakiwaandama na kuwauma hata juu ya nguo. Bibi Costancia, na miaka yake sabini na miwili, alitangulia mbele bila kuuliza njia.

Kitu cha kwanza kilichomshtua Aneth kilikuwa hao mbung'o. Kijiji kilizungukwa na ua wa minyaa, mirefu sasa kama nyumba, na walipopenya kwenye mwanya uliokuwa mlango wa zamani, inzi wale hawakuingia. Aligeuka akawaona. Walibaki nje, wakivuma juu ya majani, mamia kwa mamia, kana kwamba kuna ukuta wa kioo.

Kitu cha pili kilikuwa ardhi. Ilikuwa imefagiwa.

Hakukuwa na namna nyingine ya kuieleza. Nje ya ua palikuwa na kichaka. Ndani, nyasi zilikuwa fupi na laini, na majani ya mkwaju yamekusanywa pembeni, rundo moja, kama mwanamke anavyofanya asubuhi kabla ya kuinjika chai. Zabron alichuchumaa akapapasa chini kwa viganja.

"Hakuna ukwato," alisema kwa sauti ya chini. "Kiangazi hiki, na nyasi namna hii? Swala wangekuwa wamejaa. Hakuna hata kinyesi."

"Nilisema mnyamaze," Bibi Costancia alisema.

Alivua ndala zake akaziweka kando. Akasimama wima, mikono pembeni, akaongea Kisagara kwa muda mrefu, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayeongea na watu walio jikoni. Kisha akarudia kwa Kiswahili, ili wenziwe wasikie walivyotambulishwa. Yeye ni Costancia wa Damari, aliyeondoka hapa msichana na sasa amerudi bibi. Huyu mwanamume ni Zabron, anawalinda wanyama, bunduki yake si ya watu. Halafu akamgeukia Aneth.

"Bibi yako mzaa mama anaitwa nani?"

"Alikuwa anaitwa Tumwagile. Alikuja na babu kutoka Tukuyu kukata mkonge Kimamba."

Bibi Costancia akalitamka jina hilo vizuri, silabi kwa silabi, kama anayempokea mgeni. Aneth, ambaye alikuwa amekuja na vipimo vyake na kofia yake na shahada yake, alijikuta ameinamisha kichwa.

Walipokwisha kumaliza, Aneth aliwasha kinasa sauti akakishika mbele ya bibi, na wakaanza kutembea. Bibi Costancia alionyesha kwa kidole, akitaja jina, halafu akinyamaza ili Aneth apime na kuandika. Hapa nyumba ya mjomba Mbega. Pale mhunzi alifulia chuma, tazama mavi ya chuma, yale makapi ya tanuru, bado yapo, meusi. Hili kaburi la bibi yetu. Hili la mumewe. Hili la mama yangu, Damari. Makaburi yalikuwa marundo ya mawe yenye chungu kilichofunikwa juu, na mawe hayakuwa na ukoga. Walipofika kwenye kaburi dogo pembeni mwa la mama, bibi alisimama zaidi.

"Hapa wamelala wadogo zangu wawili. Mwaka wa surua. Niliambiwa wamelazwa chini ya mawe haya."

"Na huku?" Aneth aliuliza. Mbele yao palikuwa na uwanja wa duara, mpana, tambarare, hauna jiwe hata moja.

"Huo ni uwanja wa kupuria mtama. Hapana kaburi. Hapo mjenge tu."

Aneth akaandika. Mahali pazuri pa banda, alifikiri. Hata mtaro wa bomba ungepita bila kona.

Ni wakati ule Zabron, aliyekuwa amesimama upande wa pili wa uwanja, alipowajia kwa hatua za haraka, uso umebadilika.

"Dada Aneth, usinifanyie hivyo."

"Nimefanya nini?"

"Umeniita. Mara tatu. Umesimama nyuma yangu kabisa, nimesikia pumzi yako shingoni."

Aneth alikuwa hapo alipo, kinasa sauti mkononi, na bibi kando yake. Zabron alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Sikuitika," akasema hatimaye, kama anayejitetea. Bibi Costancia alivaa ndala zake, akasema jua limekwenda, waondoke.

*

Siku mbili baadaye, mchana, Aneth alikaa ofisini kwake Kilosa kuandika yaliyonaswa. Ramani alikuwa ameshaituma. Feni ilizunguka, nje watu walikuwa wanabishana bei ya nyanya. Alivaa spika za masikioni akaanza.

*Hapa nyumba ya mjomba Mbega.* Kimya. Kisha, kwa chini sana: *Ee.*

Alidhani ni bibi mwenyewe. Akaendelea. *Hili kaburi la bibi yetu.* Kimya. *Ee.* Kila jina liliitikiwa. Ilikuwa sauti ya mwanamke, nyembamba, na ilikuwa karibu na kinasa kuliko sauti ya Bibi Costancia, karibu kama ya mtu aliyeweka mdomo wake hapo hapo. Mahali pamoja sauti zile mbili zilipandana, bibi akiwa bado anasema na mwingine akiitika juu yake. Aneth alizima. Akatazama mikono yake. Akawasha tena, kwa kuwa kazi haikuwa imekwisha.

Kwenye wale wadogo wawili, hakukuwa na kuitika. Palikuwa na pumzi tu. Na bibi aliposema *Hapo mjenge tu*, ile sauti ilipanda. Ilisema neno moja, ikalirudia, ikalirudia, kisha maneno mengi ya haraka ambayo Aneth hakuyaelewa, mpaka hatua za Zabron zilipoyafunika.

Hakungoja jioni. Alichukua bodaboda hadi Mabwerebwere na kumkuta Bibi Costancia barazani, anachambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mbona umepauka?"

Aneth alimvisha spika zile bila kueleza. Bibi alisikiliza, vidole vikiendelea kutembea kwenye mchele. Kisha vidole vikasimama. Mbali kidogo kuku walikuwa wanaparura. Aliposikia mpaka mwisho aliomba arudishiwe mwanzo, akasikiliza yote upya, macho amefumba.

"Huyo ni mama yangu," alisema.

Aneth akakaa kando yake barazani.

"Mama Damari alikuwa na pengo hapa mbele. Neno likipita linapiga mluzi kidogo. Umesikia?" Akaweka ungo chini. "Kwenye majina anakubali. Kwenye uwanja anakataa. Anasema hapana, hapana, hapana. Halafu ananigombeza. Anasema, 'Costancia, utawakanyagaje watoto?'"

"Watoto gani, bibi?"

Bibi Costancia alieleza polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani na kutafuta kila daraja kwa mguu. Mwaka ule wa surua alikuwa na miaka kumi. Ugonjwa ulipoingia Lusingo, mama yake alimtoa usiku huo huo, akampeleka kwa shangazi Berega, karibu na misheni. Alikaa huko mavuno mazima. Aliporudi, wadogo zake Amon na Yuditi hawakuwepo. Mama alimwonyesha rundo la mawe, akasema wapo hapa, na hakusema tena habari zao mpaka alipokufa, mwaka mmoja kabla ya watu kuhama.

"Kwa nini akudanganye?"

"Sijui. Labda uwanja ule bado tulikuwa tunapuria mtama. Labda hakutaka nijue kwamba kila tunapopura, tunapura juu yao." Alifuta uso kwa pindo la khanga. "Miaka yote hii namwomba Mungu nikitazama mawe matupu kichwani mwangu. Lini wanachimba?"

Aneth alitazama simu yake. Kulikuwa na ujumbe wa asubuhi kutoka kwa Optatus, mhandisi wa mradi. Alikuwa amepokea ramani, ameipenda, na mafundi walikuwa wameingia Lusingo tangu saa mbili.

Alipiga simu. Haikupokelewa. Alipiga tena wakiwa njiani, na tena walipofika Mikumi, bibi kando yake kwenye kiti cha nyuma cha gari la kukodi amekaa wima kama aliye kanisani. Mtandao ulikuwepo; simu ililia mpaka ikakata, kila mara.

Zabron alikuwa getini. Alipowaona, alichukua bunduki yake akapanda.

*

Walifika Lusingo saa kumi. Optatus alikuwa nje ya ua wa minyaa, amesimama katikati ya mbung'o bila hata kuwafukuza, damu kidogo ikimtoka shingoni.

"Simu yangu iko kule ndani," alisema. "Nimeisikia ikilia. Sikutaka kuingia kuichukua."

"Mafundi wako wapi?"

Aliwaonyesha kwa kidevu.

Mafundi watatu walikuwa wamekaa chini ukingoni mwa uwanja, miguu imenyooshwa mbele kama watoto, wote wametazama upande mmoja. Majembe na sururu vilikuwa vimelazwa nyuma yao, kimoja baada ya kingine, vizuri. Mtaro ulikuwa umechimbwa toka kwenye ua hadi hatua mbili tu kabla ya katikati ya uwanja, ukaishia hapo. Bibi Costancia alivua ndala, akaongea maneno yake ya kubisha hodi, kisha akamwinamia mmoja wao, kijana mnene aliyeitwa Melkizedek.

"Mwanangu. Kumetokea nini?"

"Tumeitwa, bibi."

"Mkaitika?"

"Mimi niliitika. Alikuwa mama." Aliongea taratibu, bila woga, na hilo ndilo lililomtia Aneth baridi. "Mama yangu tulimzika Dumila. Aliniita jina langu la nyumbani, kwa Kigogo. Akasema, acheni, kaeni chini, msikanyage. Tukakaa."

"Mimi aliniambia kwa Kiluguru," alisema wa pili.

Wa tatu machozi yalikuwa yakimtiririka, lakini uso wake ulikuwa umetulia kabisa, kama wa mtu anayebembelezwa.

Bibi Costancia aliwagusa mmoja mmoja begani, akawaambia wamesikia vyema, sasa wainuke waende nje wakanywe maji. Wakainuka. Baadaye walipoulizwa wamekaa pale muda gani, walisema dakika chache. Optatus alisema ni tangu saa nne asubuhi, juani.

Aneth alishuka mtaroni na mwiko wake mdogo na brashi. Alikwangua udongo mbele ya mahali jembe la mwisho lilipopiga, punje kwa punje, Bibi Costancia akiwa amepiga magoti ukingoni juu yake. Hakukuwa na ndege aliyelia. Mara moja tu ulisikika mchakacho, wa taratibu, wa ufagio wa vijiti ardhini, ukitoka upande wa nyumba ya mjomba Mbega ambayo haikuwepo. Wote wawili waliusikia. Hakuna aliyegeuka.

Kitu cha kwanza kutokea kilikuwa kitako cha chungu, kidogo, cha kutosha kiganja, kimefunikwa mdomo chini. Kando yake kingine.

"Amon," bibi alisema. "Yuditi."

Aneth alisogeza udongo zaidi, na mwiko ukagonga cha tatu. Na kisha cha nne, kilicho kidogo kuliko vyote, kisichozidi kikombe cha kahawa.

Alinyanyua macho. Bibi Costancia alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono.

"Tulikuwa watatu tu," alisema. "Mimi na hao wawili. Hawa ni wa nani?"

Upepo haukuwapo, lakini rundo la majani ya mkwaju pale pembeni lilitikisika kidogo juu, likatulia.

"Niachie hicho kidude chako," bibi alisema. "Mtoke. Wote."

Walingoja nje, Aneth, Optatus, Zabron na mafundi, mbung'o wakiwala. Hawakusikia kitu isipokuwa sauti ya bibi ikipanda na kushuka kwa mbali, ikisimama, ikianza tena, kama ya mtu anayeongea na simu. Mara moja alicheka. Kicheko kilikuwa cha msichana mdogo, na Zabron alijikuta ameshika mkono wa Aneth bila kujua. Jua lilikuwa limegusa vichwa vya mikumi, ile minazi ya porini iliyoupa mji jina, Bibi Costancia alipotokea kwenye mwanya. Alitembea kama amezeeka, na kama amepumzika.

Alimrudishia Aneth kinasa sauti. Taa yake ilikuwa imezimika.

"Nimekizima. Mengine hayakuwa ya mradi." Akakaa juu ya jiwe. "Andika. Wa tatu ni Danieli, mtoto wa mjomba Mbega. Alikuwa anaanza kutambaa. Wa nne alizaliwa na mama yangu mwaka ule ule nikiwa Berega. Aliishi siku mbili. Hakupewa jina, kwa hiyo msimpe."

"Bibi," Aneth alisema, "ulikuwa na mdogo mwingine, na hukujua?"

"Nimekuwa mkunga miaka thelathini na moja," alisema Bibi Costancia. "Nimepokea watoto wa wilaya nzima. Wa mama yangu sikujua."

*

Optatus hakubisha. Alihamisha banda mita mia mbili nje ya ua, chini ya mteremko, na bomba likazungushwa. Mtaro ule aliusimamia mwenyewe ukifukiwa kwa mikono, na simu yake aliikuta juu ya jiwe karibu na mlango, imefutwa vumbi.

Mwezi wa tisa ndugu walikuja, basi zima, kutoka Berega, Dumila na Kilosa, wengi wao hawajawahi kuona mahali pale. Kasisi alisoma, wakaimba, na baada yake wanawake wa ukoo kwa upande wa mama walinyunyiza unga wa mtama uliochanganywa na maji, wala kasisi hakutazama pembeni. Ukingoni mwa uwanja paliwekwa jiwe moja la chini lenye majina matatu, na chini yake maneno: *na mdogo wao*. Bibi Costancia alilipitishia kiganja, akauliza saruji imekauka vizuri, akaenda kukaa kivulini na wenzake.

Kilichobaki ni ripoti. Kila kaburi lilikuwa na fomu yake: jina la marehemu, mahali, vipimo, picha. Aneth alijaza za uwanja wa mtama mwisho kabisa, mchana mmoja wa joto, Optatus amekaa mbele yake akingoja kusaini. Chini ya kila fomu palikuwa na nafasi ya mtoa taarifa. Kwa makaburi mengine yote alikuwa ameandika Costancia, mkazi wa Mabwerebwere. Kwa hizi nne alishika kalamu muda mrefu.

Kisha akaandika: *Damari, mkazi wa Lusingo.*

Optatus aliisoma fomu ya kwanza. Akasoma ya pili. Alinyanyua uso kana kwamba anataka kuuliza, akatazama dirishani, halafu akazisaini zote nne, akapiga mhuri.

"Namba ya simu ya mtoa taarifa," alisema, akigusa kisanduku kitupu. "Hapa tuweke nini?"

"Paache," Aneth akamjibu. "Akihitajika, yupo."